Safari ya Likasi: kuku 44 na kisu kimoja

Mwaka jana mwezi wa 7 yaya yangu anayekaa Likasi alinitumia habari kwa telefone: «Kuja siku ya tano, usikose. Tuko na kazi ya kuku. Kuja na kisu.» Hakuongeza neno. Mimi nilifikiri ni karamu. Nilifunga nguo mbili, nikanunua biskuti za watoto, nikasahau kisu.

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Barabara ni ile ya taifa namba 1, inayoendelea mpaka Kolwezi, na kila mutu anayeipita anajua shida yake: makamyo. Yanatoka migodini na mizigo ya shaba na kobalti, yanaelekea mupaka wa Kasumbalesa, na basi letu dogo lilipishana nayo sawa panya anayepishana na ng'ombe. Wakati ule wa baridi majani yote yamekauka, moto wa pori umepita, na kando ya njia inchi ni nyeusi. Kamyo moja ilikuwa imelala ubavu ndani ya mufereji. Watu wa basi waliinuka kuitazama, kisha wakakaa tena, maana si habari mpya.

Nilifika Likasi saa kumi ya mchana. Ni muji wa vilima, na wazee wengine wangali wanauita Jadotville, ingawa jina hilo liliondolewa mwaka 1966. Kuna komini ine: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Yaya anakaa Kikula, katika parsele yenye muti mumoja wa avoka, kisima cha maji, nyumba ya vyumba vitatu, na sasa nyuma ya nyumba kibanda cha mbao na mabati ambacho sikukiona nilipokuja mara ya mwisho.

Nilisikia sauti yao mbele sijawaona. Walikuwa kuku 44, wale weupe wa nyama, wakubwa, wazito, wamelala juu ya maranda ya mbao kama watu wanaongojea kuitwa hospitali. Walikuwa na siku 43. Kuku wetu wa kienyeji angehitaji miezi mingi kufika uzito ule. Hawa, baada ya juma 6, wana kilo 2 na zaidi, na miguu yao inachoka kuwabeba.

«Njo hawa,» yaya alisema. «Kesho asubui tunawachinja. Makumi tatu. Saa tano mama ya arusi anakuja kuwabeba.»

«Nani atachinja?»

Yaya alimutazama bwana yake. Shemeji alitazama muti wa avoka.

Niwaeleze hesabu, maana bila hesabu hamutaelewa ile asubui. Kazi ya shemeji ilikuwa ya kontra, na kontra iliisha mwezi wa 3. Mutoto wao wa kwanza anasoma mekanike katika mwaka wa mbele ya mwisho. Masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tena tangu mwaka 2019, lakini yeye amekwisha kupita pale, na minervali yake inangojewa kila mwezi. Yaya alikopa dola 200 katika likelemba ya bamama wa kanisa, akaongeza feza kidogo aliyoficha, akanunua vifaranga 50. Vilipanda basi toka Lubumbashi ndani ya katoni zenye matundu. Vifaranga vilimuomba dola 75. Magunia 4 ya chakula, dola 152. Dawa na shindano za kuzuia Newcastle na Gumboro, dola 12. Makala na safari ya katoni, dola 18. Jumla ni dola 257, ameziandika zote ndani ya kaye ya mutoto, ukurasa wa nyuma.

Sita vilikufa. Vitatu usiku mumoja wa baridi, mbabula ilipozimika na hakuna aliyeamka. Vifaranga vya juma la kwanza vinahitaji joto la digri 32 ao 33, na usiku wa mwezi wa 6 katika Katanga muujua wenyewe. Kesho yake shemeji, kwa woga wa baridi, alifunga kila tundu la kibanda na kuweka mbabula mbili. Viwili vikafa kwa moshi, ule usioonekana, unaoua hata watu waliolala. Tangu hapo waliacha nafasi juu, chini ya mabati. Cha sita kilibebwa na paka.

Niliuliza kwa nini hawawaachi kutembea kidogo katika parsele, wapate jua. Yaya alikataa kabisa. Vumbi la kwetu, alisema, si la kuchezea. Na ana haki. Mwaka 2009 waganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji walitoa utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mukojo wao. Kuku hula udongo siku nzima. Wa yaya walikula chakula cha gunia, wakalala juu ya maranda.

Mutaniuliza tena: katika inchi yenye kuku kila kijiji, namna gani mutu muzima akose kujua kuchinja? Jibu liko katika historia ya miji yetu. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipoanza kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi na watoto katika kambi zake, chakula kilitoka kwa kampuni: unga wa mahindi, nyama, samaki, karanga, mafuta ya mawese. Hiyo ndiyo posho. Mwaka 1967, migodi ilipoingia mikononi mwa serikali, kantini ziliendelea. Mama alifika na kitunga, akapanga mustari, akapokea nyama imekwisha kukatwa. Wazee wa kwetu wangali wanaita Samedi «siku ya posho». Shemeji alizaliwa katika kambi moja ya namna ile. Ana miaka 48 na nyama yote ya utoto wake ilipita dirishani. Na sisi, yaya na mimi, mama yetu ndiye aliyechinja kuku wa Noeli, na sisi tulikimbia kujificha mpaka anaita tuje kunyonyoa.

Basi, jioni ile tulikuwa watu wazima watatu, kuku 44, na kisu kimoja cha kukatia vitunguu. Kisu changu kilikuwa Lubumbashi, juu ya meza.

Saa mbili ya usiku yaya aliondoa chakula, akaacha maji tu. Agronome anayeuza dawa alimuambia: saa 8 mpaka 12 mbele ya kuchinja kuku asile, utumbo uwe mutupu, lakini anywe. Tulilala. Lakini mutoto mudogo wa nyumba, mwenye miaka 7, hakulala mara moja. Habari zake nitazieleza mahali pake.

Tuliamka saa kumi na moja. Umeme haukuwako. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole. Shemeji aliwasha moto wa kuni chini ya fiti iliyokatwa nusu, tukachota maji kisimani, ndoo kwa ndoo, na kisima cha mwezi wa 7 kamba yake ni ndefu. Kisha shemeji aliomba sala fupi, akamukamata kuku wa kwanza.

Sitaandika yote niliyoona. Kisu hakikukata. Alisukuma, akavuta, akafunga macho, na kuku akapiga mabawa kwa nguvu hata shemeji akamuacha. Akakimbia na shingo yenye damu mpaka chini ya muti wa avoka. Mutoto alipiga kelele ambayo naisikia hata leo. Yaya alimukimbilia kuku, akamubana chini, na hakujua afanye nini tena. Shemeji alikaa juu ya tofali, mikono kichwani. Shati lake lilikuwa na damu mpaka kwenye kola.

Aliyetuokoa alitoka nyuma ya senyenge. Jirani yao ni nkambo mumoja, mwenye miaka zaidi ya 70, aliyekulia kijijini karibu na Bukama mbele ya kuolewa muji. Alisikia kelele, akaingia na kitambaa chake begani, akaona yote kwa mara moja.

«Acha vile, mwanangu. Unamusumbua. Leta kisu nione.»

Aliweka kisu juu ya kidole chake, akatikisa kichwa. Kwanza alimumaliza yule kuku kwa mikono yake, kwa kuvunja shingo kwa pigo moja, ili asiteseke tena. Kisha akaomba jiwe la kunolea. Hatukuwa nalo. Akaenda kwake, akaleta lake lililolika katikati kama mashua, akakaa chini, akanoa. Alinoa dakika 15 nzima, na maji katika fiti yakaanza kuchemka, na yaya akatazama jua, na sisi wote tulikuwa na harakaharaka isipokuwa yeye.

«Muliogopa kuku,» alisema, akinoa. «Muogope kisu kisichokata. Kuku anajua dakika moja tu. Kazi yako ni kupunguza ile dakika.»

Akatuonyesha fasi yenyewe: chini ya taya, nyuma kidogo ya sikio, upande mumoja kisha upande mwingine, pale mushipa mukubwa wa damu unapopita. Si katikati ya koo kwa kusukuma kama mutu anayekata muti. Mara moja, na kisu kipite kwa kuvutwa. Kisha kumuacha damu itoke yote, dakika 2 ao zaidi. Nyama iliyobaki na damu inakuwa nyekundu na haikai.

Nkambo alishika kwa namna ya kijiji: mguu mumoja wake juu ya mabawa, mwingine juu ya miguu ya kuku. Kwa kuku mumoja ni vizuri. Kwa kuku 30, na mgongo wa miaka 70, hapana. Ndipo mutoto yule wa mekanike alipofanya kitu ambacho baba yake anakisimulia kila fasi. Alichukua bidon ya mafuta ya litre 5, akakata chini yake yote, akapanua mudomo, akaipigilia misumari kwenye muti wa avoka, mudomo ukitazama chini. Kuku anaingizwa kichwa kwanza. Mabawa yanabanwa na bidon, kichwa kinatoka kwa mudomo, na mara anatulia. Hapigi, hajivunji, nyama haipati alama za damu. Alikuwa amefikiri tu, aliniambia, kwamba kitu kinachotikisika lazima kishikwe na kalibu.

Nkambo alichinja 5. Akamupa yaya kisu. «Sasa wewe.»

Katika jamaa nyingi za kwetu mwanamuke hachinji, na yaya alitazama bwana yake. Yule bado alikuwa juu ya tofali. Basi akachukua kisu. Nilimuona akipumua, akashika kichwa kwa mukono wa kushoto, akakata. Mukono haukutetemeka. Alipomaliza wa pili, aligeuka kuniambia kitu, akakosa neno, akachukua wa tatu.

Mimi nilipewa maji, na hapo tukafanya kosa letu kubwa. Maji yalikuwa yanachemka, na nilifikiri yakichemka zaidi ndiyo bora. Niliingiza kuku watatu mumoja nyuma ya mwingine. Manyoya yalitoka, ndiyo, na ngozi pamoja nayo, kama karatasi iliyolowa. Ngozi ya kifua ilikuwa imeiva. Watatu! Mama ya arusi alikuwa ameomba kuku wazima, wazuri, wa kuweka mbele ya wageni. Yaya aliwatazama, hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi.

Nkambo akapima kwa ndoo: ndoo 1 ya maji yanayochemka, ndoo 1 ya maji ya kisima, kisha kuongeza kikombe kwa kikombe maji ya moto. Hayo yanafika karibu na digri 60, hata kama hamuna termometre. Unamushika kuku miguu, unamuingiza mpaka juu ya magoti, unamutikisa maji yaingie ndani ya manyoya, unahesabu mpaka 45 ao 60. Kisha unavuta unyoya mumoja mukubwa wa bawa. Ukitoka bila nguvu, mutoe. Ukikataa, murudishe kidogo. Na maji yanapoa mbio katika baridi ya mwezi wa 7, basi kila kuku wa 3 ao wa 4 tuliongeza ya moto. Tangu hapo hakuna ngozi iliyopasuka tena. Kuku mumoja alinichukua dakika 10 mwanzoni. Wa mwisho, dakika 4.

Karibu na kuku wa kumi, shemeji aliinuka. Alivua lile shati, akanawa, akaja mpaka kwenye muti. Hakuna aliyemuita. «Nipe,» alimuambia yaya. Alichinja waliobaki karibu wote. Baadaye aliniambia kwamba kilichomuumiza si damu. Ni kwamba yule wa kwanza alimutazama, na yeye ndiye aliyemulisha siku 43.

Kupasua tumbo ni kazi ya kujifunza kwa mikono. Unakata miguu pa kiungo. Unakata pa shingo na kutoa gole, ile mufuko ya chakula, pamoja na koo. Nyuma unapasua ngozi kidogo tu chini ya kifua, unazunguka tundu la mavi bila kulitoboa, kisha unaingiza mukono mpaka mbele na kuvuta yote kwa mara moja, polepole. Ndani ni joto. Asubui ile ya baridi, nasema kweli, vidole vyangu vilifurahi. Ini unalishika kwa heshima, maana nyongo imefungamana nalo, kifuko cha kijani. Kikipasuka, nyama inakuwa chungu. Mapafu yanashikamana na mbavu, unayakwangua kwa kidole. Pa mukia kuna kifuko kidogo cha mafuta ya njano, unakikata.

Wa 9 ao wa 10 wangu, gole lilikuwa limejaa, gumu kama ngumi. Nilishangaa. Utumbo pia umejaa, na ulipasuka mukononi mwangu, uchafu ukamwagika ndani ya nyama. Nkambo alitazama, akasema: «Huyu alikula usiku.»

Sote tukamutazama mutoto. Alikuwa amesimama nyuma ya fiti. Akaanza kulia mbele hatujauliza. Usiku alitoka na kopo la unga wa mahindi, akamupa kuku mumoja tu, yule mwenye mukia mufupi aliyezoea kuja mukononi mwake.

«Mama mudogo,» aliniambia, «alikuwa na njaa. Na mulisema ni siku yake ya mwisho.»

Hakuna aliyemugombeza. Yaya alifuta uso wake kwa mukono wa juu, ule usiokuwa na damu. Yule kuku tulimuosha mara moja kwa maji mengi na kumuweka kando, wa kupikwa siku ileile, si wa kuuza kwa arusi. Kwa hiyo walioharibika walikuwa 4, na badala ya 30 tulichinja 34.

Kisha kupoza. Kuku aliyetoka kuchinjwa ana joto la mwili wake wote, na ukimupanga juu ya wenzake ndani ya beseni anaanza kuharibika katikati. Tuliwaweka katika maji ya kisima, tukabadilisha maji mara 2, kisha yaya akatuma mutoto mukubwa kununua barafu kwa mama anayeuza maji ya sashe. Wageni wengine wanapika kuku mara tu anapochinjwa na kushangaa kwamba nyama ni ngumu; inafaa ipumuzike saa kazaa kwanza. Matumbo na manyoya tulifukia katika shimo la metre 1, mbali na kisima, na majivu juu, kwa sababu ya imbwa na inzi.

Saa tano na nusu taksi ilisimama pa mulango. Mama ya arusi alishuka na kitenge kipya na dada yake wawili. Alihesabu. Alinusa. Alibonyeza kifua cha kila kuku kwa kidole gumba, nasi tulisimama mustari mumoja kama watu wanaongojea matokeo ya egzamina. Peseta ilisema kilo 1 na nusu, wengine zaidi kidogo. Alifurahi. Kisha akauliza:

«Na miguu?»

Tulitazamana. Miguu yote ya wale wa kwanza, mimi niliitupa shimoni pamoja na matumbo. Ya wengine nkambo aliiokoa katika sahani, alijua.

«Kuku bila miguu,» alisema mama ya arusi, «ni kuku ya katoni ya Brazil. Batu ya mu arusi batasema nilinunua ya barafu.»

Walibishana robo saa, kwa adabu. Mwishoni alilipa kuku 29 kwa bei ya dola 8, na wa 30 akawa bei ya miguu. Yaya alipokea dola 232, akazihesabu mara mbili mbele yake, ndivyo inavyofaa. Taksi ilipoondoka, alikaa chini juu ya udongo, pale pale, miguu imenyooshwa.

Wale 10 wazima waliuzwa jioni ileile na kesho yake, dola 8 kila mumoja. Wawili vilichukuliwa na mufanyabiashara Muislamu wa barabara ya pili, aliyetaka wazima ili wachinjwe na Muislamu mwenzake. Tungeuza wote wazima, aliniuliza shemeji, si tungepumuzika? Yaya alijibu kwamba arusi hainunui kuku wazima, na arusi ndiyo inayochukua 30 kwa siku moja. Kuku huyu wa nyama hangoji. Baada ya juma la 6 anakula gunia na haongezi sana, na kila siku unayochelewa anakula faida yako. Kuku wawili wenye ngozi iliyopasuka tuliwakata vipande na kuwauza dola 5 kila mumoja. Wa tatu alipewa nkambo, akakataa, akakubali. Katika kaye kuliandikwa dola 322. Ukiondoa 257, zinabaki 65. Deni la likelemba linalipika, na minervali ya mwezi wa 9 na wa 10 iko. Si utajiri. Wasomaji wanaotaka kuanza, wahesabu vizuri chakula mbele ya kununua vifaranga, maana gunia ndilo linalokula feza.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, tulikula yule aliyebaki, yule wa mukia mufupi, pamoja na bukari na sombe. Niliogopa kwa ajili ya mutoto. Alikaa, akatazama sahani yake muda murefu, akamuuliza mama yake kama ni yeye. Yaya hakudanganya. «Ni yeye.» Mutoto alikula bukari na sombe. Nyama hakuigusa, na hakuna aliyemulazimisha. Kaka yake aliichukua.

Firigisi, kama mujuavyo, ni ya baba ya nyumba. Yaya aliiweka juu ya sahani ya shemeji. Shemeji aliisukuma mpaka sahani ya yaya.

«Leo ni yako. Ni wewe ulianza.»

Wote tulinyamaza. Yaya aliishika kwa vidole, akaiuma, akaitafuna mara moja, mara mbili, akasimama kutafuna.

«Nani alisafisha hii firigisi?» aliuliza.

Ni mimi. Nilikuwa nimesahau kumenya ile ngozi ya njano ya ndani.

«Iko na mchanga,» alisema yaya, na akaendelea kutafuna.